Kaseti, Santuri na CD: Mwongozo Kamili wa Kuuokoa Muziki wa Zamani Kabla Mashine Hazijaisha

Sanduku la kaseti juu ya kabati, santuri zilizoegemezwa ukutani, rundo la CD zilizochomwa nyumbani: vyote vina muda wake, na muda huo unakwenda. Gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye utepe inachoka. Belti za ndani ya deki, mashine ya kupigia kaseti, zinalegea, nyingine zinayeyuka na kunata. Fundi aliyejua kuiweka sawa hedi, kile kichwa kinachousoma utepe, kwa sikio tu anastaafu bila kumrithisha mtu ujuzi wake.

Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, walianzisha mradi wa kuutahadharisha ulimwengu kuhusu utepe wa sumaku. Miongoni mwa wahifadhi kulikuwa na makubaliano kwamba baada ya mwaka 2025 hivi, kuusoma utepe huo kungekuwa kugumu sana, na sababu kubwa ilikuwa mashine: zile bora hazitengenezwi tena, vipuri vinakwisha, na wanaozijua wanapungua. Kwa hiyo kaseti yako inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikawa imekufa, kwa kukosa tu cha kuipigia.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mkusanyiko wake nyumbani, asiye na maabara wala bajeti ya taasisi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: okoa kwanza kile ambacho hakipo kwingine, kinakili vizuri mara moja, na usitupe cha asili.

Hatua ya kwanza: panga kwa hatari, mapenzi baadaye

Wengi huanza na albamu wanayoipenda. Moyo unaelewa, lakini ni kosa la mpangilio. Albamu iliyouzwa kwa mamilioni haitapotea duniani wewe ukichelewa mwaka mmoja. Rekodi ya bendi iliyonaswa ukumbini, sauti ya mzee aliyekwisha kutangulia akiimba, kipindi cha redio ulichokinasa usiku, nakala ya majaribio ya wimbo ambao haukuwahi kutoka, hivyo vikienda vimekwenda.

Gawa mkusanyiko wako mafungu matatu. La kwanza ni rekodi za kipekee. La pili ni kazi zilizotolewa rasmi lakini hazikuwahi kutolewa upya: kampuni ilifungwa, nakala zilikuwa chache, na hazionekani popote. La tatu ni zile zinazopatikana kirahisi.

Hata hilo la tatu usilidharau. Toleo lililoko kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni mara nyingi ni lile lililochakatwa upya, na sauti yake inaweza kuwa tofauti kabisa na santuri ya kwanza: besi imeongezwa, kila kitu kimepandishwa juu, mwisho wa wimbo umekatwa mapema. Mikataba ya haki ikiisha, albamu inaondolewa bila wewe kuulizwa. Na kuweka kitu mtandaoni si sawa na kukihifadhi. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba katika kuhamisha seva zake ilipoteza muziki uliopakiwa na watumiaji wake hadi 2015, nyimbo zinazokadiriwa kuzidi milioni 50. Wanamuziki wengi walikuwa hawana nakala nyingine.

Ndani ya kila fungu, tanguliza kilicho mahututi. Utepe unaonuka siki au unaoacha unga wa kahawia kwenye hedi unakuja kwanza. Zinafuata CD za kuchoma, kisha kaseti, kisha CD za kiwandani. Santuri za vinili zilizotunzwa vizuri zinaweza kungoja. Vinili ni mvumilivu kuliko ndugu zake wote.

Chukua daftari au jedwali la kompyuta, kila kitu kipe namba, na namba hiyo uiandike kwa penseli kwenye karatasi ya kava. Usibandike stika juu ya CD yenyewe.

Hatua ya pili: tafuta mashine kabla ya kugusa kitu kingine

Kwa kaseti, tafuta deki ya nyumbani iliyotumika lakini nzima, badala ya redio kaseti ndogo au vile vichezeo vipya vya bei ya chini. Vichezeo vingi vinavyotengenezwa leo vinatumia mtambo mmoja wa kawaida uleule, kasi yake inayumba, na havina Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe.

Kabla ya kulipa, nenda na kaseti usiyoihofia na uijaribu. Weka wimbo wenye noti ndefu, piano kwa mfano, maana noti ya piano inayoyumba haijifichi. Sikiliza kama spika zote mbili zinatoa sauti sawa. Peleka mbele, rudisha nyuma, na uone kama inasimama yenyewe utepe ukifika mwisho. Muulize muuzaji belti zilibadilishwa lini. Kama hajui, hesabu kwamba utazibadilisha mwenyewe.

Kisha isafishe. Kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi vinatosha kwa hedi, kwa kijiti cha chuma kinachouvuta utepe, na kwa njia yote ambamo utepe unapita. Rola ya mpira itendee kwa upole zaidi: maji yenye sabuni kidogo, kisha ikaushe, kwa sababu alkoholi nyingi huukausha mpira ukapasuka. Endelea mpaka pamba itoke nyeupe. Ukiwa na kifaa cha kuondoa sumaku kwenye hedi, zima deki, weka kaseti zako mbali, kiwashe kifaa ukiwa umekishika umbali wa mkono mzima, kisogeze polepole hadi karibu na hedi, kirudishe polepole vilevile, ndipo ukizime. Ukikizima kikiwa karibu na hedi unaiachia sumaku uliyotaka kuiondoa.

Hatua ya tatu: kaseti

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wengi hupoteza nusu ya sauti bila kujua. Philips ilipoitoa kaseti mwaka 1963, ilikuwa chombo cha kurekodia maongezi kuliko muziki. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 na unakwenda kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Katika upana huo mdogo zimebanwa njia nne za stirio, mbili kila upande, kila moja ikiwa na milimita 0.6 hivi. Hedi ikiinama kidogo tu kuliko ilivyokuwa ile iliyorekodi, sauti za juu zinazimika.

Anza kwa macho. Vunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kurekodi kisifute kitu. Tazama kupitia dirisha: utepe umejikunja? Una ukungu mweupe pembezoni? Kaseti yenye ukungu usiiweke kwenye deki kabisa, maana itaambukiza deki na deki itaambukiza zinazofuata. Tazama pia kile kipande kidogo cha kitambaa kilichobebwa na springi katikati ya mdomo wa kaseti. Kazi yake ni kuubana utepe kwenye hedi. Gundi yake ikikauka kinadondoka, na sauti inakuwa hafifu, inakuja na kupotea. Wengi hudhani kaseti imeharibika kumbe ni kidude hicho tu. Chomoa kingine, pamoja na springi yake, kutoka kaseti isiyo na thamani na ukihamishie hapo.

Kaseti iliyokaa miaka bila kupigwa ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote, polepole kadiri mashine inavyoruhusu, kabla ya kuisikiliza. Utepe uliojibana unaachia na kupanga mikunjo yake upya. Kaseti za dakika 120 ziogope: utepe wake una unene wa maikroni 9 hivi, ilhali wa dakika 60 una kama 18. Huo mwembamba hunyooka na kujiviringisha kwenye rola kwa urahisi sana. Wa namna hiyo heri uurudishe kwa penseli.

Utepe ukikatika, uunge kwa mkanda maalumu wa kuungia tepu. Mkanda wa kawaida wa karatasi gundi yake huvuja, ikashika mizunguko ya jirani na kuchafua hedi. Pandanisha ncha mbili, zikate pamoja kwa mshazari ili zilingane, zilaze zikigusana bila kupandana, na mkanda ubandike upande wa nyuma, ule usiogusa hedi. Kama ganda la kaseti limepinda au limegundishwa bila skrubu na utepe unalia ukizunguka, hamishia utepe kwenye ganda lingine lenye skrubu tano. Fungua lile jipya likiwa limelala mezani, lipige picha kabla ya kutoa chochote, na uzingatie vile vikaratasi viwili vya kuteleza pamoja na rola ndogo za pembeni. Kazi hii ni ya dakika kumi kwa mkono uliotulia.

Sasa mkao wa hedi. Pembeni mwa hedi ya kusomea kuna skrubu mbili. Moja imekazwa moja kwa moja, nyingine ina springi chini yake, na hiyo ndiyo ya kurekebisha. Kabla ya kuigusa, weka alama ya rangi ya kucha ili ujue pa kurudi. Vaa hedifoni, geuza sauti iwe mono, na upige sehemu yenye matoazi au herufi nyingi za "s". Zungusha skrubu kidogo sana, chini ya robo mzunguko, kwa bisibisi ndogo isiyo na sumaku. Utasikia matoazi yakizama kama yamefunikwa blanketi, kisha ukirudi yanafunguka, kisha yanazama tena upande wa pili. Pale yalipofunguka kuliko pote ndipo pa kusimama. Fanya hivyo kwa kila kaseti, na kwa kila upande wake, kwa sababu kila moja ilirekodiwa kwenye mashine yenye mkao wake. Jambo hili moja linaongeza ubora kuliko programu yoyote utakayonunua baadaye.

Dolby iache imezimwa unaporekebisha hedi, kisha ndipo uamue. Kama kava inasema Dolby B au C, washa ileile. Kama haisemi, tumia masikio. Rekodi ya Dolby ikipigwa bila Dolby inakuwa kali, ule mvumo wa "shhh" ukiwa juu. Isiyo ya Dolby ikipigwa na Dolby inakuwa butu na nzito. Vivyo hivyo hakikisha deki imetambua aina ya utepe: wa kawaida, wa kromu au wa metali. Deki nyingi husoma matundu yaliyo mgongoni mwa kaseti, lakini si kila kaseti ya zamani iliyatoboa inavyopaswa.

Hatua ya nne: santuri

Santuri ya kucheza muda mrefu, ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, ililetwa na kampuni ya Columbia mwaka 1948. Mwaka uliofuata RCA Victor ikaja na ile ndogo ya mizunguko 45. Nyuma ya hizo kuna zile nzito za shelaki, utomvu mgumu, za mizunguko 78, na hapa lazima uwe macho, kwa sababu shelaki na vinili havitendewi sawa.

Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana. Unahitaji sindano yenye ncha ya maikroni 76 hivi, ilhali ya vinili ni kati ya 18 na 25. Ukitumia sindano ya vinili kwenye 78 itaserereka chini ya mfereji ikisoma vumbi, na ukitumia ya 78 kwenye vinili utaichimba santuri. La pili: alkoholi huyeyusha shelaki. Kwa 78 tumia maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, futa, na ukaushe bila kuchelewa. Kwa vinili pia maji yaliyochujwa ndiyo msingi. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati, na usiilowanishe lebo. Iache ikauke imesimama. Kuipiga ingali na maji kunakoroga uchafu na kuupeleka chini zaidi.

Sindano ya almasi hudumu saa 500 hadi 1,000 za kupigwa. Kama hujui historia ya sindano iliyo kwenye mashine uliyonunua, ibadilishe kabla ya kuigusisha santuri unayoithamini. Pima uzito wa mkono unaobeba sindano kwa mizani yake ndogo na ufuate kiwango cha mtengenezaji, ambacho kwa katriji (kile kidude kinachoshika sindano) nyingi za kisasa za sumaku ni gramu 1.5 hadi 2. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka na kugonga kuta za mfereji. Vile vichezeo vya sanduku vyenye spika ndani vina mkono mzito usiorekebishika. Ni vya kujifurahisha na santuri za kawaida, si vya kazi hii.

Sauti inayotoka kwenye katriji ya sumaku ni ndogo na imepotoshwa kwa makusudi. Wakati wa kukata santuri besi hupunguzwa na sauti za juu hupandishwa, ndipo priampu ya fono, kikuza sauti cha santuri, inazirudisha mahali pake. Kanuni ya kurudisha iliyokubalika na wengi ni ile ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi za Marekani, ya mwaka 1954. Santuri za kabla ya hapo, hasa za 78, zilikatwa kwa kanuni mbalimbali, kwa hiyo zikisikika butu au kali kupita kiasi, tatizo si lazima liwe santuri. Kasi nayo: nyingi za kale kabisa hazikuwa 78 kamili. Ukisikia mwimbaji ana sauti ya kitoto, punguza kasi kwenye kompyuta mpaka ala zikae kwenye noti zake.

Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, angalia ule waya mwembamba wa ardhi kama umefungwa kwenye priampu. Mara nyingi ni huo.

Hatua ya tano: CD

CD ya kiwandani, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ndiyo rahisi kuliko zote. Data tayari ni ya kidijitali, sampuli 44,100 kwa sekunde kwa biti 16, na kazi yako ni kuichukua bila kukosea. Nunua kisomaji cha nje cha USB ungali unakipata, kwani kompyuta nyingi mpya hazina. Tumia programu inayohakiki ilichosoma: Exact Audio Copy kwenye Windows, XLD kwenye Mac, whipper kwenye Linux. Zote zinaweza kulinganisha matokeo yako na hifadhidata ya AccurateRip, yenye matokeo ya watu wengine waliosoma CD hiyohiyo. Zikilingana, una nakala sahihi. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kuipunguzia ubora.

CD ya kuchoma ni jambo jingine. Ile haikugongwa muhuri kiwandani. Imeandikwa kwa mwanga juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo inachuja kwa joto na jua. Nakili zako zote mwaka huu. Ikigoma kwenye kisomaji kimoja, jaribu kingine na upunguze kasi, maana visomaji vinatofautiana sana kwa uvumilivu. Kuifuta, toka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Na upande wa kuogopea zaidi ni ule wa maandishi, kwa sababu tabaka lenye data limekaa chini yake tu, bila plastiki ya kulilinda. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa. Wa juu umeondoka na data.

Hatua ya sita: vile vya pembeni

MiniDisc ya Sony, ya mwaka 1992, hubana sauti kwa mfumo wa ATRAC. Mashine nyingi hazikuruhusu kuhamisha faili kwenda kompyuta, kwa hiyo utaipiga na kuirekodi, ukitumia tundu la kidijitali la mwanga kama lipo. Sony MZ-RH1 inaweza kuhamisha kwa USB hata rekodi za zamani, ndiyo maana inatafutwa sana. Kanda za DAT, zile ndogo za kidijitali, zipeleke kwa mtaalamu mapema, kwani mashine zake ni dhaifu na zinapungua.

Tepu za rili zinahitaji tahadhari kubwa. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina gundi iliyonyonya unyevu, na ukizipiga zinalia, zinanata, na kuacha muziki kwenye hedi kwa umbo la unga. Simamisha mara moja. Wataalamu huzikausha kwa joto la chini linalodhibitiwa kwa saa nyingi ndipo zipigike. Usijaribu kwa oveni ya jikoni, na tepu ya asetati, plastiki ya tepu za zamani zaidi, haikaushwi hivyo kabisa. Utaitambua kwa kuishika rili mbele ya taa: asetati hupitisha mwanga.

Hatua ya saba: kurekodi kwenye kompyuta

Nunua kadi ya sauti ya nje yenye matundu ya laini. Lile tundu la maikrofoni la kompyuta litakuletea kelele na mono. Unganisha kutoka matundu ya nyuma ya deki, si tundu la hedifoni. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.

IASA inapendekeza biti 24 na kilohezi 96 kwa nakala ya hifadhi. Kwa kaseti ya nyumbani naona biti 24 na kilohezi 48 zinatosha bila wasiwasi. 96 ziweke kwa santuri adimu na rili. Saa moja ya stirio kwa 96 inachukua kama gigabaiti 2, kwa 48 kama gigabaiti 1, na FLAC hupunguza hadi karibu nusu bila kupoteza chochote. Vilele vya sauti vifike desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kipimo. Sauti ikigonga sifuri inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa.

Rekodi upande mzima bila kukata, ukisikiliza. Ndiyo, upande wa dakika 45 unakula dakika 45 zako, lakini ukiondoka chumbani hutajua kwamba utepe ulijikunja dakika ya 12.

Faili hilo ghafi usilisafishe. Litengenezee nakala, na kwenye nakala ndipo ukate nyimbo, uondoe mitatariko, upunguze mvumo. Programu za kuondoa kelele zinavutia, na mkono ukizidi zinamega pumzi za mwimbaji na mwangwi wa ukumbi. Miaka kumi ijayo zitakuwepo bora zaidi, nazo zitahitaji faili ghafi. MP3 tengeneza kwa ajili ya simu tu.

Hatua ya nane: majina

Faili linaloitwa "Track 03" halimsaidii mtu. Tumia mpangilio mmoja usiobadilika: namba ya daftari, msanii, jina la albamu, upande, tarehe ya kurekodi ikijulikana. Ndani ya FLAC andika maelezo yote, ikiwemo mashine uliyotumia na kama Dolby iliwashwa. Piga picha kava mbele na nyuma, lebo, na zile namba zilizochongwa karibu na katikati ya santuri, kwani ndizo zinazotambulisha toleo. Kwa rekodi za familia au bendi ndogo, keti na waliokuwepo, wachezee, na uandike nani anapiga gitaa lipi. Taarifa hiyo haimo kwenye utepe, na wenye kuijua nao wanazeeka.

Hatua ya tisa: kuhifadhi nakala

Kanuni wanayoifuata wahifadhi ni nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, moja ikikaa nyumba au mji mwingine. Diski mbili za nje na huduma moja ya wingu zinakidhi. Flashi ni ya kusafirishia, si ya kuhifadhia. Ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza ilichobeba. Tengeneza alama za ukaguzi za SHA-256 (msimbo mfupi unaokokotolewa kutoka kwenye faili, unaobadilika faili likibadilika) kwa faili zote, na kila mwaka linganisha. Faili lililoharibika kimyakimya litajulikana, nawe utalirudisha kutoka nakala nyingine. Badilisha diski kila baada ya miaka michache hata kama haijalalamika.

Sheria za kujinakilia kwa matumizi binafsi zinatofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo soma za kwako. Kugawa kazi ya msanii anayeishi kwa mauzo yake ni jambo tofauti kabisa na kuihifadhi.

Hatua ya kumi: cha asili kibaki

Weka kaseti zimesimama, zimerudishwa mpaka mwisho, mbali na spika kubwa na mota. Santuri zisimame wima bila kubanana wala kuinama, ndani ya mifuko ya polithini. Mifuko ya nje ya PVC iepuke, kwani kemikali zake huacha alama kwenye vinili. Chumba kiwe na joto la nyuzi 18 hadi 20, unyevu kati ya asilimia 30 na 50, na zaidi ya yote kisibadilikebadilike. Dari na stoo la nje ndizo sehemu mbaya kuliko zote.

Na mashine yenyewe usiifungie kabatini. Iwashe kila baada ya miezi miwili au mitatu, ipige kaseti moja mpaka mwisho, upande wa kwanza na wa pili. Belti iliyokaa imejikunja mahali pamoja hushika umbo hilo, na rola isiyozunguka huota bonde pale inapobanwa.